Pikipiki Inayosukumika

Nilichelewa kumzika Bi Shani. Waislamu hawachelewi kuzika, na simu ilinikuta kijijini ndani kabisa, kwa hiyo nilipoingia Utemini, Singida mjini, siku ya pili yake marehemu alikuwa ameshalala ardhini, na wanaume walikuwa wamekaa nje chini ya turubai wakizungumza bei ya alizeti. Nikaingizwa kwa wanawake, chumba cha nyuma, kile chenye dirisha linalotazama uani. Wakanisogezea mkeka na kikombe cha chai ya tangawizi. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi mpya, lakini harufu haikutoka: mpira wa tairi, grisi, na udi wa kufunikia hivyo viwili. Nilikaa nikitazama ua ambao zamani ulijaa pikipiki, na sasa kuna tangi la maji na nguo za wajukuu zimeanikwa.

"Huyo nani?" aliuliza mama mmoja nyuma yangu, akidhani ananong'ona.

"Si ndiye Mama Naomi. Wa kuku, wa Mkiwa."

"Aliyempakia marehemu?"

"Ndiye huyo."

"Mh. Basi ni yeye."

Hilo ndilo jina langu katika nyumba ile. Wengine wameingia kwenye kumbukumbu za Bi Shani kwa udugu au kwa ujirani. Mimi nimeingia kwa kumpakia mara moja kwenye pikipiki. Naandika habari yake mwenyewe, kwa sababu pale mkekani niliwasikia wakiisimulia, na walikuwa wameshaipamba mpaka nimekuwa shujaa. Shujaa hakuwa mimi. Mimi mwaka ule nilikuwa mjinga mwenye hasira.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha nne, nina mtoto mgongoni. Baba yake alikuwa amekwenda machimboni kaskazini na kukaa kimya. Wazazi wangu walikuwa wameshafariki. Mahari yangu ilikuwa imetolewa yote, mpaka ng'ombe wa mwisho, na kwa desturi yetu Wanyaturu maana yake ni moja: Naomi alikuwa mtoto wa mji wa baba yake, yaani wa boma lao. Baba mkwe alituma neno kwa shemeji yangu Daudi. Daudi akalileta Mkiwa, nilikopanga chumba, akalisema amesimama mlangoni, huku anatafuna karanga zangu.

"Shemeji, mzee amesema mtoto akiacha ziwa, aletwe. Mwanamke asiye na mji hawezi kulea mtoto wa mji."

"Na huu ni nini?" nikamwonyesha chumba.

Akatazama kitanda, jiko la mkaa, ndoo. "Hiki ni chumba," akasema, wala hakuwa na ubaya. Hicho ndicho kilichonikasirisha zaidi. Mtu akinitukana najua pa kumpiga. Daudi alikuwa akisema anachokiona.

Naomi alikuwa na mwaka na miezi kadhaa. Nilianza kuogopa kila mara alipogeuza kichwa na kuliacha ziwa mwenyewe.

Chumba changu kilipakana na mgahawa pale njia panda ya Mkiwa, ukuta ni wa tofali moja, kwa hiyo nilikula kelele za madereva pamoja na ugali wangu wa uwele na mlenda. Ilikuwa miaka ya ruksa. Bidhaa ambazo utotoni mwetu zilipangiwa foleni zilikuwa zimerudi madukani pamoja na nyingine ambazo hatukuwa tukizijua, na kila mtu alikuwa anafanya biashara ya kitu. Nyuma ya ukuta ule nilisikia utingo wakisema jambo moja kila siku: kuku. Huko miji mikubwa wanataka kuku wa Singida, wanaomba, wanagombania, lakini matenga yanayofika barabarani nusu yake ni mizoga. Nilijua sababu. Kuku wa kienyeji anakamatwa alfajiri, kabla mlango wa banda haujafunguliwa. Akishatoka huyo humpati mpaka jioni. Wachuuzi wa baiskeli walikuwa wakimaliza kukusanya saa tatu, halafu wanakanyaga mchangani mpaka saa saba, kuku kichwa chini. Kuku wetu ni mvumilivu, lakini si kwa jua lile. Mwenye pikipiki angekuwa barabarani saa nne. Nikauza ng'ombe alioniachia baba, nikafunga fedha kwenye kanga, nikapanda basi kwenda Singida mjini kununua pikipiki. Nilikuwa sijawahi hata kushika usukani wake.

Bi Shani alikuwa na duka la spea pale Utemini, alilorithi kwa baba yake. Babu yake alipanda bara kutoka pwani zamani za kujengwa reli. Kiswahili cha Bi Shani kilikuwa kimenyooka kuliko chetu na watu walikiigiza kwa kumcheka, yeye akawauzia plagi hivyo hivyo. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, wa baibui, anakaa juu ya tairi la trekta lililolazwa na kuwekewa mto. Nyuma, uani, alikuwa na pikipiki zilizotumika, za miradi iliyofungwa na za watu walioshindwa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unatafuta nini?"

"Ile nyekundu."

Ilikuwa imesimama katikati ya ua kama fahali. Tangi kubwa, tairi za meno, ekzosi imepanda juu ubavuni. Akamwita fundi wake, Hango, mtu mrefu mwembamba aliyekuwa akitembea na bisibisi sikioni kama kalamu. "Mwashie asikie." Hango akapiga kiki. Ua mzima ukatetemeka, Naomi akaamka mgongoni akalia, na mimi nikawa nimeshaamua. Nikaeleza hesabu yangu kwa sauti ya mtu aliyesoma: mnunuzi wa kuku lazima asikike kwa mbali, ili akina mama wasifungulie mabanda kabla hajafika. Pikipiki yenye sauti ndogo itakuta kuku wako porini.

"Hayo umefundishwa shuleni?"

"Nimeyafikiri mwenyewe."

"Haya. Panda." Nikapanda. "Kisigino kinagusa chini?" Hakikugusa, niligusa kwa vidole vya mguu mmoja. "Utapigaje kiki, mtoto mgongoni?" Nikasema nitamteremsha. "Mchangani? Utamlaza wapi?" Nikakaza mbeleko. "Nitajie spea yake moja inayouzwa huko kwenu Itigi." Sikujua hata moja kwa jina, achilia mbali ya Itigi. Kisha akanionyesha nyingine, kando ya choo, ndogo, ya bluu iliyopauka, keria ndefu nyuma, kiti cha chini. "Hii wanayo mabwana shamba wote na mapadri wote. Ikikufia popote, kuna mtu anayo spea yake hata kama ni kwa kuiba kanisani. Anza na hii."

"Hiyo ni ya watoto."

"Basi jifunzie utoto."

Nilikaa wiki tatu kwake. Sijui kwa nini aliniruhusu. Sikuwa nimenunua kitu. Usiku nililala chumba kile cha nyuma katikati ya maboksi ya cheni, mchana nikizunguka ua na ile ya bluu, Hango akikimbia nyuma akinitukana kwa adabu. "Klachi, dada. Klachi. Hiyo ni breki. Haya umeua injini." Bi Shani alimshika Naomi mapajani, akimlisha uji wa mchele, na kila nilipopita mbele yake alisema neno moja tu: "Polepole." Adhuhuri tulikula sinia moja, wali na maharage ya nazi, nazi iliyosafiri kwa basi siku mbili kuja kuliwa katikati ya nchi. Sikuwa nimewahi kuona mwanamke anayeagiza, anauza, anakataa kuuza, na wanaume wanasema "sawa, Bi Shani." Nilikuwa nikimtazama zaidi kuliko nilivyotazama pikipiki. Lakini sikumwambia. Nilichomwambia, wiki ya tatu ilipokwisha, ni kwamba sasa najua, anipe nyekundu.

Angeweza kunikatalia. Angeweza pia kuniuzia, maana fedha yangu ilikuwa inatosha na yeye ni mfanyabiashara. Alifanya jambo ambalo mpaka leo nalistaajabia. Akasema, "Ichukue kesho, siku moja. Mtoto abaki kwangu. Nenda nayo kununua kuku unakotaka, Hango atakaa nyuma. Jioni tuongee."

Niliondoka alfajiri, na unajua nilielekea wapi? Kijiji cha wakwe zangu, mbele ya Mkiwa, kushoto, ndani ya mchanga. Nilitaka waione. Nilitaka baba mkwe atoke nje aone asiye na mji anavyokuja. Barabara kubwa ilinipa kiburi, mchanga ulinivua. Nilipoiacha barabara kuu tu, gurudumu la mbele likaenda linakotaka, nikaiangusha. Nikasimama, nikajipangusa, nikaishika pembe za usukani niinue. Haikunyanyuka. Nikageuka nimwite Hango. Alikuwa ameketi kwenye kivuli cha kichaka, anafunga kamba ya kiatu.

"Njoo unisaidie basi."

"Siwezi, dada."

"Huwezi nini?"

"Bi Shani kanambia leo mimi ni kuku. Nimekaa kwenye keria, mimi ni kuku. Umeona wapi kuku ananyanyua pikipiki?"

Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamaliza kwa Kinyaturu. Akasikiliza yote. Nilihangaika na chuma kile, petroli ikivuja, na nilipokuwa nimekaa chini nataka kulia, akainuka, akasema kuku ameona huruma, akaiinua. Hata yeye alikunja uso.

Tulifika kijijini tukinguruma. Nilipunguza gia kwa makusudi ili ingurume zaidi. Hapakuwa na mtu. Mji wa kwanza, hakuna. Wa pili, chungu jikoni kinachemka, hakuna. Kwa baba mkwe kigoda kilikuwa kimepinduka mlangoni, na karibu yake kandambili moja ya mpira wa gari. Moja. Nyingine alikuwa ameondoka nayo. Na mabanda yote yalikuwa wazi, kuku wametawanyika mpaka kwenye mtama. Alibaki bibi mmoja kipofu kwenye ua, akasema kwa heshima, bila kuulizwa, "Wanaume hawapo, bwana. Wamekwenda kwenye msiba mbali."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilijiona mjinga kuliko nilivyowahi kujiona. Miaka ile pikipiki kubwa ikiingia kijijini ilikuwa na jambo moja: kodi ya kichwa. Asiyekuwa na risiti alikimbilia porini, akina mama wakafungulia kuku wasije wakachukuliwa kufidia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekimbia sauti ile nikiwa binti, nimeshika kofia ya baba. Shule, hasira na rangi nyekundu vilikuwa vimenisahaulisha kitu nilichokijua kwa miguu.

Jioni Bi Shani hakucheka. Alikuwa anamwosha Naomi kwenye karai. "Ulipata kuku wangapi?"

"Hakuna."

"Uliinua mwenyewe?"

"Hapana."

"Haya. Sikiliza, Mama Naomi. Mimi sijui vijiji vyako, wewe ndiye unayevijua. Najua pikipiki tu. Pikipiki ya kwanza ni ile ambayo ikikataa kwenda, unaweza kwenda nayo hivyo hivyo. Isukume hii ya bluu mpaka barabarani na urudi." Nikaisukuma. Ilienda kama mbuzi aliyeshiba. Nilipokuwa nikirudi nayo, kitu kikaniingia kichwani, na yeye akakiona kikiingia, akageukia karai lake.

Jumanne iliyofuata nilikwenda kijiji kilekile na ile ya bluu, sasa nimeshainunua. Naomi mgongoni, tenga kwenye keria. Kabla ya mji wa kwanza nikazima. Nikashuka, nikaisukuma, nikaingia kijijini kwa miguu kama mtu mwenye baiskeli, nikiamkia kila mlango. Wakachungulia. Mama mkwe akatoka, mwanamke mkavu asiyenipenda wala kunichukia. "Ni wewe," akasema. Akatazama pikipiki, akatazama mjukuu wake. "Nina jogoo mmoja ameshanichosha." Kuku kwetu ni mali ya mama, ng'ombe ndio wa baba. Hakumuuliza mtu. Wiki ya pili niliizimia karibu zaidi. Wiki ya tano sikuizima kabisa: walikuwa wameshaijua sauti yake, ile tuktuk ndogo ya kukohoa, na nilipofika nilikuta kuku wameshafungwa miguu kwa vitambaa, akina mama wamekaa wananingoja. Daudi aliniambia baadaye kwamba mzee alikuwa akiisikia, anainua kichwa, anasema, "Ni yule wa kuku," anaendelea kunywa togwa.

Vijana wa barabarani walinishauri nitoboe ekzosi ili iwe na sauti ya kiume. Nilikuwa na majibu yangu kwao, siyaandiki hapa.

Naomi aliacha ziwa mwenyewe, asubuhi moja baada ya mavuno, kama mtu aliyeshiba anayesukuma sahani. Siku tatu baadaye Daudi akaja. Safari hii alikaa kwenye kigoda, akala kuku niliyempikia, akasema kuna kikao Jumapili, nije na mtoto na nije na mtu mzima wa kunisemea. Sikuwa naye. Nilikwenda Utemini nikasimama mbele ya tairi la trekta, na kwa mara ya kwanza mbele ya mwanamke yule nikalia.

"Wanakaa wapi hao?" aliuliza.

"Mchangani ndani. Gari haliendi."

Akainuka kwenye tairi. "Nitakuja na basi mpaka Mkiwa."

Alishuka Jumapili asubuhi, baibui lililopigwa pasi, viatu vya ngozi. Nikaileta ya bluu. Akaitazama kama anavyomtazama mtu mwenye deni.

"Kaa upande, Bi Shani. Shika kiuno changu."

"Nijulishe kitu kimoja kabla. Inayumba?"

"Kidogo. Hujawahi kupanda?"

"Sijawahi."

"Hata mara moja? Unauza pikipiki tangu sijazaliwa."

"Naziogopa," akasema. "Ndiyo maana nazijua."

Nikamfunga Naomi kifuani, Bi Shani akapanda nyuma, akaanza kusoma dua kabla sijapiga kiki. Akasoma mpaka tulipofika. Kwenye mchanga niliposema "tushuke hapa, nisukume," alishuka akasukuma pamoja nami, viatu mkononi, jasho likimtiririka chini ya mtandio. Mwanamke ambaye wanaume wa mjini walimwamkia kwa kuinama. Sikuwahi kumwuliza kwa nini alifanya hivyo kwa ajili yangu, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Tulipokaribia niliona wazee wote wa kikao wamekaa kwenye vigoda, pamoja na wale niliojua hawana risiti za kodi. Hakukimbia mtu. Baba mkwe alikuwa na kandambili zote mbili. Salamu zikaenda, togwa ikazunguka. Daudi akasema aliyotumwa: mtoto wa mji hawezi kukulia kwenye keria, mama yake anazunguka barabarani kama utingo. Wazee wakaitikia. Bi Shani alipopewa nafasi alisema, "Mimi ni mgeni, nimekuja kusikiliza. Nitauliza tu: huyu utingo, mnamjua kwa lipi?"

Aliyejibu alikuwa mlangoni kwake, hakuwa ameitwa kikaoni: mama mkwe, kuku wawili mkononi, amewafunga miguu. Alikuwa amesikia sauti ya pikipiki akawafunga, Jumapili au si Jumapili. Akasema kwa Kinyaturu, bila kupandisha sauti, "Mkimchukua mtoto, huyu hatakuja tena. Hawa nitamuuzia nani? Wewe?"

Baba mkwe alikuna shingo. Mwishowe akasema mtoto ni wa mji ule na hilo halibadiliki, lakini atakaa kwa mama yake, na kila Jumanne aletwe aonekane. Kisha akamgeukia mkewe: "Wape maji hao kuku wasife."

Tuliporudi Mkiwa, Bi Shani alishuka, akanyoosha baibui. Kiunoni kwangu vidole vyake vilikuwa vimeacha alama, zilikaa siku mbili.

"Sipandi tena," akasema. Na hakupanda tena mpaka amekufa.

Naomi alikuja na mimi msibani. Ni mtu mzima, ana kazi yake na mikopo yake, na kila Jumanne ya utoto wake aliipanda keria ile. Chumbani pale alikunywa chai yake, mpaka mama yule wa nyuma akamwuliza kama ni kweli marehemu alimwosha kwenye karai. Akasema hakumbuki, lakini ameambiwa. Tulipoaga, watoto wa Bi Shani walitusindikiza mpaka mlangoni. Pikipiki yangu ya sasa ni ya tatu, ndogo vilevile, kiti cha chini vilevile. Naomi akavaa helmeti, akangoja nipige kiki. Sikupiga. Nyumba ya msiba haingurumiwi. Nikaishika pembe, nikaisukuma kupita turubai la wanaume, kupita tangi la maji, mpaka kwenye kona. Magoti yangu si yale. Lakini ilikwenda.